Vielezi vya Kiingereza: aina ni tano, saba au tatu? Nimechanganyikiwa

MsomajiWaUsiku

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimekwama kweli kweli. Nimerudi kujisomea sarufi ya Kiingereza mwenyewe ukubwani, nomino nimepita, vitenzi nimepita kwa jasho, nikafika kwenye vielezi nikajua sasa ni mteremko, kumbe ndo mlima umeanza. Kitabu cha kwanza kinasema aina ni tano: namna, mahali, wakati, marudio na kiwango. Nikasema sawa, tano nazimudu. Nikafungua kingine nakuta saba, wameongeza vya kukubali na kukataa alafu na vya sababu. Kuingia mtandaoni nakuta mtu kaandika ni tatu tu, eti vya kawaida, vya kuuliza na virejeshi, basi, kamaliza. Sasa kwani hivi vitu havihesabiki au kila mtu anajiandikia tu?

Kilichonimaliza kabisa ni zoezi la kuainisha. Kuna sentensi "I hardly know him", nikaandika ni kielezi cha namna, maana ina "ly" mwishoni na "hard" ni ngumu, nikajua ni kumjua mtu kwa ugumu. Kosa, jibu ni kiwango. Nikameza. Mbele kidogo ikaja "He hardly ever calls", nikaandika kiwango kama nilivyofundishwa dakika mbili zilizopita, jibu likasema marudio! Neno lile lile! "Go home" wanasema home ni kielezi cha mahali wakati mi toka utoto najua home ni nomino. "We ate, then we left" hiyo then ni wakati, sawa, lakini "If you are tired, then rest" wanasema sio wakati. Na "She is a friendly person" niliweka friendly kwenye vielezi vya namna nikapata kosa tena, sijui hata kwa nini.

Swali langu ni moja tu japo nimezunguka: nitajuaje neno liko aina gani, na aina zenyewe ni ngapi hasa?

KalamuNyekundu

Pole mkuu. Nianze na hiyo friendly maana ndo rahisi. Sahau kabisa habari ya kumtambua kielezi kwa "ly". Friendly, lovely, lonely, silly, ugly, zote zina "ly" na zote ni vivumishi. Jaribu hivi, liweke neno mbele ya nomino uone kama linakaa: a friendly person, linakaa, basi hicho ni kivumishi. Sasa jaribu a quickly person, unaona linavyokataa? Hicho ndo kielezi. Ukitaka kumsifia mtu kwa alivyofanya kirafiki inabidi uzunguke, "in a friendly way", maana "friendlily" ipo kwenye kamusi lakini hakuna anayeitamka bila ulimi kujikwaa.

Na upande wa pili kuna vielezi kibao visivyo na "ly": soon, well, never, often, too, here. Na kuna vile vinavyofanana sura na vivumishi vyake, fast, hard, late. "A hard job" kivumishi, "he works hard" kielezi. Ukisema "he hardly works" umemgeuza mchapakazi kuwa mvivu, karibu hafanyi kazi kabisa. Ndo pale ulipoanguka. Hardly ya leo haina ugumu ndani yake hata kidogo.

mzee_wa_mofimu

Nichomekee kidogo hapo kwa Kalamu. Hiyo vurugu ya "ly" ina historia yake. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi viwili, "lic" cha kutengeneza vivumishi na "lice" cha kutengeneza vielezi, na vyote viwili vikachakaa mdomoni mwa watu mpaka vikawa "ly" moja. Kwa hiyo "ly" ya friendly na "ly" ya quickly ni ndugu wawili waliovaa shati moja. Na hard na fast za kielezi nazo zamani zilikuwa na "e" mwishoni ya kuzitofautisha na vivumishi, hard ikiandikwa "hearde", ile "e" ikaanguka, zikabaki zinafanana. Haikusaidii kwenye zoezi lakini angalau ujue sio wewe mjinga, ni lugha yenyewe iliyopoteza alama zake.

DadaSarufi

Mi nataka kujibu la idadi maana hapo ndo watu wengi wanapotea na vitabu haviwaambii. Hizo orodha zako tatu hazipingani. Zinagawa kitu kimoja kwa vigezo tofauti, alafu waandishi wengine wanavimwaga vyote kwenye orodha moja bila kusema. Ni sawa na mtu agawe watu kuwa watoto, vijana, wazee na madereva. Unajiuliza dereva kijana aende wapi! Sio kosa lako ukichanganyikiwa.

Kigezo cha kwanza ni maana. Neno linajibu swali gani: vipi, wapi, lini, mara ngapi, kwa kiasi gani. Hapo ndo zile tano zako zinatoka. Wa saba wameongeza "kwa nini", ndo wakaweka therefore na hence, alafu yes, no, not, certainly na wenzake wakakosa pa kuyaweka wakayafungulia chumba cha kukubali na kukataa. Kigezo cha pili ni kazi kwenye muundo wa sentensi. Je neno linaongezea tu maelezo, linauliza, au linaunga kishazi (kipande cha sentensi chenye kitenzi chake) na nomino iliyotangulia? Hapo ndo yule wa tatu wa mtandaoni anapata vya kawaida, vya kuuliza na virejeshi.

Chukua neno where. "Where do you live?" ni kielezi cha kuuliza. "This is the house where I was born" ni kirejeshi, linairejea house. Lakini kimaana kote kote linahusu mahali. Kwa hiyo ukiulizwa where ni aina gani, kwanza muulize aliyekuuliza anataka aina kwa kigezo kipi. Wakikuuliza kwenye karatasi huwezi kuuliza ndo shida, lakini angalia mifano mingine waliyoweka utajua wanafuata orodha gani.

mkato_mfupi

Jamani mnamchosha bure huyu. We kariri maswali matano tu, how, where, when, how often, how much. Neno likijibu swali hilo ndo aina yake. Mi nilifaulu hivyo na maisha yanaendelea 😂

DadaSarufi

Mkato yako inafanya kazi kwa sentensi zilizonyooka, sikatai, na aanze nayo. Sasa nijibie hizi mbili:

"He did not die happily."
"Happily, he did not die."

Ya kwanza mtu kafa, tena kafa vibaya. Ya pili mtu ni mzima kabisa na msemaji anashukuru. Neno ni lile lile, "ly" ile ile, ukiuliza how kwenye ya pili unapata nini? Hakuna. Happily ya pili haielezi kitenzi die, inaeleza sentensi nzima, ni kama sisi tunavyosema "bahati nzuri hakufa". Hivyo vinaitwa vielezi vya sentensi, kina frankly, luckily, unfortunately, obviously, na kwenye orodha ya tano havimo kabisa. Hopefully nayo ya "Hopefully it will rain" imo humo, na hiyo imepigwa vita miaka na miaka na watu wa usanifu wa lugha mpaka shirika la habari la Associated Press likaja kuiruhusu kwenye mwongozo wake wa uandishi mwaka 2012. Watu walikuwa wanaitumia muda wote huo bila kuomba ruhusa.

Alafu kuna however, therefore, moreover, zinazounga wazo la sentensi hii na ile iliyopita. Na ndo jibu la then yako mkuu Msomaji. "We ate, then we left" inajibu lini, ni baada ya kula. "If you are tired, then rest" haijibu lini, inasema "basi pumzika". Basi ya Kiswahili nayo inafanya mambo hayo hayo, mbona hatuilalamikii.

mkato_mfupi

Dah hiyo ya kufa imenipata. Nimenyamaza.

KalamuNyekundu

Nimalizie hardly maana tumeiacha njiani. Jiulize kila mara neno limemshika nani. "I hardly know him", hardly imeshika know, inapunguza kiwango cha kujua mpaka karibu sifuri. Kwenye "He hardly ever calls" hardly haijashika calls. Imeshika ever. Bado ni ile ile ya kiwango, inapunguza ever mpaka karibu na never. Ila hayo maneno mawili yakishaungana, hardly ever, kwa pamoja ndo yanajibu mara ngapi, kwa hiyo marudio ni ya kirai kizima. Aliyeandika zoezi alitakiwa apigie mstari maneno yote mawili, kama alipiga chini ya hardly peke yake basi kosa ni lake sio lako.

Home nayo ni hivyo hivyo, usiangalie neno, angalia lilipokaa. "My home is small" nomino, hapo ni kiima. "Go home" inajibu wapi na wala haihitaji "to". Ndo maana "go to home" ni kosa ila "go to school" sio kosa, school haijawahi kupata huo ukielezi.

BintiWaShamirisho

Mi naona kuna kitu hamjakigusa, Kiswahili chetu chenyewe kinatuponza. Shuleni tulifundishwa vielezi vya namna, mahali, wakati, na vya idadi au kiasi, si ndio? Kwenye hilo kapu la mwisho tunaweka "mara tatu", "kila siku", "sana", "kidogo", vyote pamoja. Sasa Kiingereza kimelipasua hilo kapu katikati, mara tatu na kila siku zimeenda kwenye marudio, sana na kidogo zimeenda kwenye kiwango. Mtu ambaye hajaambiwa kwamba kapu limepasuliwa ataendelea kuona hizo aina mbili ni kitu kimoja.

Alafu "sana" ndo mchawi mkubwa. Sisi sana tunaigandisha popote, nzuri sana, haraka sana, napenda sana. Ukienda Kiingereza ukadhani very ndo sana unaishia kusema "I very like it", nimesikia hiyo hadi kwa watu wenye vyeti vyao. Very inashika vivumishi na vielezi vingine tu, very good, very quickly, kitenzi haikishiki. Kitenzi unakipa very much, au really mbele yake. Kwa hiyo hata ndani ya aina moja ya kiwango kuna vinavyoshika kitenzi na visivyoshika, na hilo hakuna kitabu changu kilichoniambia, niliambiwa na mtu kwa kunicheka.

Na kuna "vizuri". Tunasema "anaongea vizuri Kiingereza" na inapita. Wao "he speaks well English" haipiti, lazima shamirisho (kile kinachotendewa, hapa English) likae karibu na kitenzi chake kwanza: he speaks English well.

MsomajiWaUsiku

Aisee nashukuruni sana wote, hiyo ya kapu kupasuliwa imenifungua macho. Lakini naomba niulize kwa ujinga wangu, faida ya kuviainisha ni nini hasa? Maana kama neno moja linahamahama hivi si bora nijue maana tu niendelee na safari.

BintiWaShamirisho

Faida kubwa ni mahali pa kuliweka neno. Vya marudio vinapenda kukaa mbele ya kitenzi kikuu, "she always comes late", lakini kitenzi kikiwa ni be (am, is, are) vinahamia nyuma yake, "she is always late". Vya namna vingi vinasubiri mwisho. Na vikikutana vitatu mwishoni mazoea ni namna kwanza, mahali, alafu wakati, "they played well there yesterday". Vitenzi vya kwenda ndo vinaharibu foleni, mahali panaruka mbele, "he went home quickly". Sasa kama hujui ipi ni ipi utaipangaje? Ukikosea watakuelewa lakini watajua.

DadaSarufi

Na nyongeza, kuna vielezi ambavyo vyenyewe maana yake inabadilika kwa pa kukaa. Only ndo mfano mzuri. "Only she greeted me", ni yeye tu aliyenisalimia. "She only greeted me", alinisalimia tu hakufanya zaidi. "She greeted only me", alinisalimia mimi tu. Ile "tu" yetu nayo inatembea hivyo hivyo ila sisi tunaiweka nyuma ya kinacholengwa wao wanaiweka mbele. Even na just ziko kundi hilo la kulenga. Wengine only wanaibandika kwenye kiwango ili tu iwe na kwao.

mzee_wa_mofimu

Kuna jambo mtanilaumu kulileta ila ni bora alijue asije kudhani wataalamu wamekubaliana. Kwa wanaisimu kielezi kina sifa mbaya ya kuwa kapu la takataka, neno likikosa pa kwenda kwenye nomino, kitenzi, kivumishi na kihusishi (kina in na on) linatupwa humo. Sarufi kubwa ya Quirk na wenzake ya mwaka 1985 ilijaribu kupanga kwa kazi na ikapata makundi manne: yanayoshiriki ndani ya sentensi kama maelezo ya kawaida, yanayobeba kazi ndogo ya chini kama only na even, yanayotoa maoni ya msemaji kuhusu sentensi kama frankly, na yanayounga kama however. Namna, mahali na wakati zikawa ni mambo ya maana ndani ya hayo.

Mwaka 2002 Huddleston na Pullum wakaja na sarufi yao ya Cambridge wakachukua panga kabisa. Here, there na hiyo home ya "go home" wakazitoa kwenye vielezi wakaziita vihusishi, hoja yao mojawapo ni kwamba zinakubali right mbele yake, "right here", kama vile "right in the middle", wakati "right quickly" kwa Kiingereza sanifu cha leo haikubaliki. Today na yesterday wakaziita viwakilishi, na ukiangalia "yesterday's news" unaona neno linachukua alama ya umilikaji kama nomino, kielezi gani kinafanya hivyo? Jaribu "quickly's news".

KalamuNyekundu

Mzee sasa huyu akienda kuandika kwenye mtihani kwamba here ni kihusishi atapata sifuri na hatutakuwepo kumtetea 😅

mzee_wa_mofimu

Asiandike! Mtihani aandike mahali. Nimesema ajue tu.

MsomajiWaUsiku

Hahaha sitaandika mzee. Haya wakuu nimejaribu kujitungia zoezi niwaonyeshe kama nimeelewa. Nimetafuta neno linalohamahama kuliko yote nikachagua just na still.

"He has just arrived", wakati, ni sasa hivi. "It is just enough", kiwango. "She is just a child", kulenga, ni mtoto tu. "He is still here", wakati, bado yupo. "He was rude, still, we helped him", hiyo inaunga, kama "hata hivyo". "He sat still", namna, alikaaje? Alikaa kimya bila kutikisika.

Nimepata ngapi?

DadaSarufi

Tano safi kabisa, hongera. Ya sita tuna kesi.

Angalia, ungesema "he sat silent", silent ni kivumishi, kinamwelezea yeye alivyokuwa wakati amekaa, hakielezi tendo la kukaa. Still hapo wengi wanaiona hivyo hivyo, ni kivumishi. Wapo wanaoiita kielezi pia, kamusi zenyewe zinatofautiana, kwa hiyo usijipige sana. Tofauti inaonekana vizuri kwenye look. "She looked angry", ni yeye ndo anaonekana ana hasira, kivumishi. "She looked angrily at me", hapo anaangalia kwa hasira, kielezi. Ukiweza kubadilisha kitenzi kuwa be na sentensi ikabaki na akili, she was angry, basi ni kivumishi.

MsomajiWaUsiku

He was still. Alikuwa ametulia. Inakubali.

Lakini dada, "he was still" si inaweza pia kuwa "alikuwa bado" alafu sentensi haijaisha?

DadaSarufi

😂😂 Inaweza. Weka nukta uendelee na sura inayofuata.